Klabu ya Roboti Isiwe ya Wanafunzi Wawili

Mwanafunzi wa Gredi ya 10 anapojiunga na klabu ya roboti mwanzoni mwa mwaka, huikuta timu ikiwa mbioni. Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya (KSEF) huanza muhula huo huo wa kwanza, kutoka shuleni hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda na taifa. Mradi mmoja huwasilishwa na wanafunzi wasiozidi wawili. Wengine hubaki kutazama, na anayetazama tu wiki tatu mfululizo hakawii kuhamia drama au kandanda. Watahiniwa wakimaliza shule, ujuzi huondoka nao na vifaa hubaki kabatini.

Hotuba ya kumtia mgeni moyo haitoshi. Apewe kitu kinachofanya kazi siku ya kwanza. Bodi ya Arduino Uno ina taa ndogo iliyounganishwa tayari na pini nambari 13, kwa hivyo haihitaji waya ila ule wa kompyuta. Programu ya mfano iitwayo Blink huiwasha taa hiyo kwa sekunde moja na kuizima kwa sekunde moja. Mwanafunzi akibadilisha 1000 kuwa 200 kila mahali ilipoandikwa, taa huwaka na kuzima harakaharaka. Kipindi hakijaisha, na tayari ameiamuru mashine ikamtii. Wakati huo mkongwe wa timu aweke mikono nyuma. Kibodi ni ya mgeni.

Baadhi ya walimu huwazuia wageni kugusa bodi wakihofia wataiunguza. Hofu hiyo ina msingi: mota ikiunganishwa moja kwa moja na pini huvuta umeme mwingi kuliko pini inavyostahimili. Lakini kanuni kwamba mota hupitia saketi yake maalumu hufundishika kwa siku moja.

Kisha mgeni apewe kazi ambayo timu itakwama asipoifanya, kama vile kutunza daftari la majaribio, yaliyofaulu na yaliyofeli, ambalo ndilo msingi wa ripoti ya mradi. Kufagia na kupamba mabango, kazi zinazoangukia wasichana mara nyingi mno, hazihesabiki hapa.

Shule za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, lakini baadhi ya vyuo vya ufundi viko chini ya kaunti, na vingi hufunza umeme. Mwalimu mlezi wa klabu asiye na uzoefu wa kulehemu nyaya anaweza kuzungumza na msimamizi wa chuo kilicho karibu.