Gazi: Kituo ambacho saa yake ni mwezi na bamvua

Katika kituo cha utafiti cha Marekani kilichoko Ncha ya Kusini ya dunia, jua likizama mwezi Machi halichomozi tena hadi Septemba, na watafiti hupanga kazi kwa kufuata majira hayo. Kituo cha Gazi, Msambweni, hakina barafu wala giza la miezi sita, lakini nacho kina bwana wake: bahari.

Kituo hicho ni cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini Kenya (KMFRI). Maji ya pwani hiyo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Ndiposa ratiba hufuata mwezi. Maji ya bamvua yanapokupwa, watafiti na wanakijiji huingia topeni kupima unene wa mikoko na kuhesabu miche. Wanaokawia hufungiwa njia na maji.

Vipimo hivyo ni uti wa mgongo wa Mikoko Pamoja, mradi ulioanzishwa mwaka 2013 kuuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Mapato yake yamewafaa wakazi wa Gazi na Makongeni kwa maji safi na vitabu vya shule. Pasipo vipimo vya kuaminika, hapana mnunuzi.