'Mto wa hewa' ni mto upi?

MWANAFUNZI wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya mwongozo wa marubani. Humo aliandika kwamba ndege inapokaribia kutua 'huelea juu ya mto wa hewa'. Nikamuuliza: mto upi, Tana au wa kulalia? Akacheka. Mimi sikucheka sana, maana istilahi hii inaweza kuua mtu.

Hebu tutazame jambo lenyewe. Shinikizo la hewa chini ya bawa huwa kubwa kuliko la juu, na tofauti hiyo ndiyo huinyanyua ndege. Lakini hewa ya chini nayo hutafuta upenyo. Huzunguka ncha za mabawa na kujisokota nyuma ya ndege. Misokoto hiyo huielekeza chini hewa inayopita kwenye bawa, basi ndege hupoteza sehemu ya nguvu za kunyanyuka na kuongezewa ukinzani.

Ardhi ikiwa karibu, misokoto hukosa nafasi ya kujitanua. Bawa hunyanyua zaidi hata kama pua ya ndege haijainuliwa zaidi. Chukua urefu wa mabawa kutoka ncha hadi ncha: katika kimo cha sehemu moja ya kumi ya urefu huo, ukinzani wa misokoto hupungua kwa karibu nusu. Katika kimo sawa na urefu wenyewe, nafuu hiyo karibu yote imekwisha. Ni kweli hewa ya chini hubanwa kidogo, lakini ati mto? La.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Siku ya joto, ndege ndogo iliyosheheni mizigo inaweza kuacha njia kabla haijapata kasi ya kupaa. Rubani anayedhani amebebwa na mto huinua pua, ukinzani humrudia, naye hujikuta anashuka.

Wengine husema 'athari ya ardhi'. Afadhali, ila mwari wa Ziwa Naivasha hunufaika vivyo hivyo juu ya maji, kama lilivyonufaika dude la Wasovieti lililojaribiwa Bahari ya Kaspi kuanzia 1966. Ndipo nikapendekeza 'athari ya ukaribu wa uso', uso wa nchi kavu au wa maji. Ni refu, najua. Mwanafunzi alilalamika kwamba halienei kwenye jedwali lake. Nikamwambia apunguze ukubwa wa herufi.