Tumbo, Ini, Homoni: Fedha ya Vipimo Iende Wapi?

Mtu wa Mpanda anayesumbuliwa na tumbo, anayelihofia ini lake au anayeambiwa homoni zimevurugika, ana njia tatu za kutumia fedha yake. Ya kwanza ni maabara: ya kituo cha afya, ya hospitali, au ya binafsi pale mjini. Ya pili ni ile mashine ya kupima mwili mzima: unashikishwa kishikizo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache unasomewa hali ya ini, figo, kongosho, homoni na sumu zilizomo mwilini. Ya tatu huja kwa simu. Ni vifurushi vya kupima kinyesi, mate, nywele au tone la damu, sampuli zinatumwa maabara za Marekani au Ulaya, na bei yake ni mamia ya dola.

Hiyo ya pili ndiyo yenye wateja, na sababu zake naziona. Hakuna sindano, hakuna foleni, na unaondoka na makaratasi mengi yenye rangi. Bei huwa ndogo, pengine bure kabisa, kwa kuwa faida iko kwenye makopo ya virutubisho yaliyopangwa nyuma ya mpimaji. Lakini vimeng'enya vya ini hupimwa ndani ya damu, na virusi vya homa ya ini vilevile. Kiganja hakitoi habari hiyo. Mwenye shaka aombe kupimwa mara ya pili papo hapo, umri na uzito vikiandikwa tofauti, kisha alinganishe karatasi mbili. Mimi ningeihesabu fedha hiyo kama fedha ya dawa ambayo hakuna daktari aliyeiandika, maana huko ndiko inakoishia.

Vifurushi vya nje vina sura ya kisayansi zaidi, ila si vyote vyenye uzito sawa. Kile kinachonunuliwa sana, cha kingamwili za IgG dhidi ya vyakula, kilikataliwa na jumuiya ya wataalamu wa mzio ya Ulaya mwaka 2008, na wenzao wa Kanada wakasema hivyohivyo mwaka 2012. Kingamwili hizo huonyesha kwamba umekula chakula fulani, si kwamba kinakudhuru. Kwa mkazi wa Kakese au Mwamkulu, maana yake ni kwamba karatasi inaweza kumkataza mchele, mahindi na maharage kwa kosa la kuvila kila siku. Vipimo vya jumla vya bakteria wa utumbo navyo havijapata kiwango cha kawaida kinachokubalika, na hata jibu likija, daktari wa hapa hana dawa ya kukuandikia kwa kulitazama hilo tu.

Tubaki basi na maabara. Huko nako kuna kupoteza fedha, hasa kwa kununua kipimo cha bei ndogo kisichojibu swali.

Mfano mzuri ni tumbo. Mtu mwenye kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo huenda moja kwa moja kupima bakteria wa vidonda vya tumbo, yule H. pylori. Kuna kipimo cha haraka cha damu na kuna cha choo. Cha damu hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kuisha. Aliyetibiwa mwaka jana akipimwa damu leo anaweza kuambiwa bado anao, akanunua tena dozi ile ndefu ya dawa tatu. Kipimo cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe kinajibu swali la sasa: yupo au hayupo. Kikikugharimu hata mara mbili ya kile cha damu, bado ni nafuu kuliko dozi isiyohitajika. Ila kina masharti: uwe umeacha omeprazole na dawa za jamii yake kwa wiki mbili, na antibiotiki kwa wiki nne. Ukienda huku umemeza kapsuli asubuhi, unaweza kupata jibu la uongo la kukufurahisha.

Choo hichohicho kitazamwe kwa darubini pia. Ni miongoni mwa vipimo vya bei ya chini kabisa, kinafanyika hata kwenye vituo vidogo, na watu hukidharau kwa kuwa hakina jina kubwa. Kinaona minyoo, amiba na mayai ya kichocho cha tumbo. Kwa watu wanaoshinda majarubani au wanaooga ziwani Karema na Ikola, hicho cha mwisho kina habari ya ini ndani yake: kichocho cha tumbo kikikaa miaka huacha makovu kwenye ini, na vimeng'enya vya damu vikabaki karibu na kawaida. Mtu analipia vipimo vya ini, anaambiwa yuko safi, kumbe tatizo lingeonekana kwa choo na picha ya mawimbi ya sauti, yaani altrasaundi.

Nikifika kwenye ini lenyewe, nina ushauri mmoja ambao ningeuweka mbele ya mingine yote: anza na homa ya ini B, kabla ya kifurushi chochote. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo, wakiwemo wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu, hakuipata utotoni. Kipimo cha awali ni cha tone la damu na majibu ya muda mfupi. Ukikutwa huna, uliza juu ya chanjo ya watu wazima, ambayo kwa kawaida ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Wachangia damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, basi aliyechangia afuatilie majibu yake. Asiende kuchangia ili ajipime, hasa akijua alijiweka hatarini karibuni, maana maambukizi mapya yanaweza kupita bila kuonekana na damu ikampata mgonjwa.

Ukikutwa na homa ya ini B, ndipo vipimo vya ini vinapokuwa na kazi. Hapa watu hudhani kila namba kwenye karatasi inasema jinsi ini linavyofanya kazi. Vimeng'enya vya ALT na AST husema tu kwamba seli za ini zinaumia. Albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda ndivyo vinavyosema ini bado linamudu kazi. Mtu anaweza kuwa na ALT ya kawaida na ini lililosinyaa. Kuna hesabu nyepesi ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza: gawanya AST yako kwa kikomo cha juu cha kawaida, gawanya tena kwa chembe sahani zinazosomwa kwenye FBP, yaani picha kamili ya damu, kisha zidisha kwa 100. AST ya 80 pale ambapo kikomo ni 40, na chembe sahani 160, inatoa 1.25. Mwongozo wake wa mwaka 2024 kwa mgonjwa wa homa ya ini B unachukulia zaidi ya 0.5 kuwa dalili ya makovu ya maana, na zaidi ya 1 kuwa dalili ya ini kusinyaa. Vipimo viwili vya kawaida na kikokotoo cha simu vinampa daktari pa kuanzia. Chai ya kusafisha ini haina nafasi katika hesabu hiyo, na baadhi ya mitishamba hulidhuru.

Homoni ndiko fedha nyingi hupotelea, kwa sababu ya siku ya kupima. FSH ya mwanamke, homoni ya kukuza mayai, hupimwa siku za mwanzo za hedhi, kati ya ya pili na ya tano. Projesteroni hupimwa kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Testosteroni ya mwanaume huchukuliwa asubuhi, na ikitoka ndogo hurudiwa siku nyingine. Kifurushi cha homoni zote kinachochukuliwa siku yoyote uliyopita mjini sokoni, nusu ya namba zake hazisomeki. Anayetumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango asihangaike navyo, atakuwa anapima dawa. Na kwa wenzi wanaotafuta mtoto, kipimo cha mbegu za mume, ambacho bei yake ni ndogo kuliko mlolongo wa homoni za mke, kitangulie. Wanaume wa kwetu mnanielewa. Aliyechoka, kunenepa bila sababu na kuhisi baridi, TSH, kipimo cha tezi ya shingo, peke yake inatosha kuanzia.

Kabla ya kulipa, uliza damu yako itasomwa wapi. Baadhi ya homoni husafirishwa nje ya mkoa, kwa hiyo uliza sampuli inahifadhiwaje njiani na majibu yanarudi lini, maana kurudi Mpanda kutoka Mishamo au Inyonga kuchukua karatasi nako ni nauli. Uliza pia kwenye dirisha la bima kama kipimo chako kinalipiwa. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa ulianza kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mipango hiyo, kwa hiyo sikiliza linalotumika siku unayokwenda.

Kuna wakati ambapo kulinganisha bei hakufai tena. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, mwenye macho ya njano au anayekonda bila kujua sababu, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa bila kupitia kipimo cha elfu chache. Akiandikiwa kamera ya tumbo kwenye hospitali ya kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kwa kupitia Sumbawanga, safari hiyo ina thamani yake. Achukue barua ya rufaa, abebe majibu yote ya zamani, na apige simu kwanza kujua siku za kamera, ili asilale gesti usiku tatu akisubiri foleni.