Basi la kilomita 100 linapogonga pale la 80 linaposimama

DEREVA wa basi anayevuka kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo ukomo wa kisheria kwa mabasi ya abiria nchini Tanzania na Kenya, akafikia 100, huona ameongeza kilomita 20 tu. Hesabu ya mwendo inayofundishwa sekondari inaonyesha vingine.

Kitu kinapoongeza au kupunguza kasi kwa kiwango kilekile kila sekunde, umbali kinaokwenda hupatikana kwa kuchukua wastani wa kasi ya mwanzo na ya mwisho, kisha kuuzidisha kwa muda. Mwanasayansi wa Italia, Galileo Galilei, aliuchambua mwendo wa aina hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, akieleza jinsi alivyoviringisha gololi za shaba kwenye ubao ulioinamishwa.

Basi la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22.2 kila sekunde. Tuseme barabara ni kavu, breki ni nzima, na kila sekunde zinapunguza mita 5 katika kasi hiyo. Basi litasimama baada ya sekunde 4.4. Kwa kuwa kasi ya mwisho ni sifuri, wastani ni mita 11.1 kwa sekunde, na umbali ni mita 49.

La kilomita 100 huanza na mita 27.8 kwa sekunde. Litahitaji sekunde 5.6 na mita 77. Kasi imezidi kwa robo, lakini umbali umezidi kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kasi huingia katika hesabu mara mbili: hukuza wastani na hurefusha muda.

Sasa mabasi hayo yafunge breki kwa pamoja, mita 50 kutoka kwenye lori lililoharibika katikati ya barabara. La kwanza litasimama likikaribia kuligusa. La pili litalivamia likiwa bado na kasi ya karibu kilomita 60 kwa saa. Abiria wanaomshangilia dereva kila anapopita gari jingine, wengi wao waliisoma hesabu hii darasani.

Hapo haijahesabiwa sekunde moja ya dereva kuona hatari na kukanyaga breki, ambayo peke yake hula mita 22 kwa basi la kwanza na 28 kwa la pili. Na mvua ikinyesha, breki zikabaki na nusu ya uwezo wake, mita 49 zinakuwa 99, na 77 zinakuwa 154.