Stesheni Mbili, Jina Moja: Msafiri Ajihadhari

Msafiri anunuapo tikiti ya gari la moshi hutazama bei, saa ya kuondoka na jina la mahali aendako. Jina la mahali atakapopandia hulipita upesi, kwani nani asiyejua Nairobi ilipo? Lakini tangu mwaka 2017 jina hilo moja lina stesheni mbili za kusafiria mbali, wala haziko jirani.

Ya kwanza ndiyo iliyouzaa mji wenyewe. Reli ya zamani, ambayo upana wake ni mita moja, ilifika hapo mwezi wa Mei 1899, na stesheni yake imo katikati ya mji, kando ya barabara ya Haile Selassie. Ya pili ilifunguliwa mwishoni mwa Mei 2017 pamoja na reli mpya ya upana wa milimita 1,435. Hiyo imo Syokimau, nje ya mji, na jina lake kamili ni Nairobi Terminus. Watu wengi huliacha neno la pili, na hapo ndipo shida ianzapo.

Fikiri juu ya mkulima mmoja wa Murang'a apelekewaye habari kwamba dada yake, aliyeolewa Mombasa, atazikwa alasiri ya siku ya pili. Mwanawe amnunulia tikiti ya asubuhi. Mzee alala mjini kwa jamaa, aamka alfajiri, na kumwambia dereva wa teksi, "Nipeleke stesheni, bwana." Dereva, ambaye ni mtu mwaminifu kabisa, ampeleka stesheni ya karibu. Mzee akaa juu ya benchi akiwatazama makarani wanaoshuka kuingia kazini. Afahamishwapo kwamba treni ya Mombasa haiondoki hapo, barabara ya kwenda Syokimau imekwisha kujaa magari. Na huko kwenyewe mizigo hukaguliwa kabla abiria hajaruhusiwa kuingia. Treni yaondoka bila yeye. Hakuna aliyemdanganya: neno "stesheni" lilikuwa na maana moja kwake, na nyingine kwa mwanawe.

Hata atajaye Syokimau hajaokoka, maana karibu na stesheni hiyo kubwa iko nyingine ndogo ya reli ya zamani, iliyofunguliwa Novemba 2012 kwa ajili ya watu waendao mjini kazini. Hiyo ndogo ndiyo iitwayo Syokimau hasa.

Mtu wa Kisumu naye ana jambo lake. Treni ya abiria ya Kisumu iliporudishwa Desemba 2021 ilitumia reli ya zamani na stesheni ya katikati ya mji. Basi mtu aliyetoka nayo akielekea Pwani alikuwa na tikiti mbili zenye jina la Nairobi, na kati ya tikiti hizo mbili ilimpasa kufanya safari nyingine.

Mombasa mambo ni yayo hayo. Stesheni ya zamani imo kisiwani, nayo pia, kama kwa mzaha, iko kwenye barabara iitwayo Haile Selassie. Ile mpya iko Miritini, upande wa bara, na aishukiaye hapo hana budi kuvuka maji ndipo afike kisiwani. Voi, Kibwezi, Emali na Mtito Andei vilevile zina stesheni mpya na za zamani. Huko abiria hawezi kupanda treni isiyo yake, kwa kuwa treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma mwaka 2017. Lakini aweza kuelekezwa na mzee wa mji kwenye jengo ambalo halina tena mtu wa kumpokea.

Shida hii si ya Kenya peke yake. Wajerumani wana miji miwili iitwayo Frankfurt, nao huongeza jina la mto: mmoja ni wa Main, mwingine wa Oder. Uingereza ziko stesheni mbili za Gillingham, moja katika Kent na nyingine katika Dorset. Ajabu ni kwamba ya Kent hutamkwa kwa sauti ya "j" na ya Dorset kwa "g" kama ya "gari". Asemaye atofautisha, asomaye hatofautishi, mpaka aandikiwe jina la jimbo.

Kwetu wananchi wenyewe wameanza kulitengeneza jambo hili bila kungoja ubao wala tangazo. Husema "SGR" kwa ile mpya, na "stesheni ya mjini" kwa ile ya zamani. Mwenye kumpelekea mgeni tikiti yafaa amwandikie maneno hayo pembeni, na jamaa anayekwenda kumlaki Pwani aandikiwe Miritini, si Mombasa tu.