Sili Nyama, na Siumwi

Siku ya kwanza kumwambia mama ntilie wa karibu na hosteli kwamba nakula mboga tu, aliniuliza, "Mboga gani, mwanangu? Kuna nyama, kuna samaki, kuna maharage." Alikuwa sahihi kabisa. Kwetu mboga ni chochote cha kushushia ugali, hata nyama ni mboga. Siku hizi nasema moja kwa moja: sili nyama, kuku wala samaki. Mayai na maziwa natumia.

Maswali yanayofuata nayajua. "We Msabato?" Hapana, na hata Wasabato si wote walioacha nyama. "Daktari kakukataza?" Hapana. "Au bumu limekata?" Hilo lina ukweli kidogo, maana sahani ya maharage ina nafuu, lakini nilianza kabla sijaja chuo.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nachunga mbuzi wa baba. Mmoja alikataliwa na mama yake, nikamlea kwa chupa. Dada alipotolewa mahari, akachinjwa huyo huyo, na miguu nilimshika mimi. Simlaumu mtu, mbuzi hufugwa aliwe. Ila nyama ilipoletwa haikushuka, na haijashuka mpaka leo.

Sasa lile swali la haki: nguvu natoa wapi? Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, na maharage yanayo ya kutosha. Maharage nayo yana methionini kidogo, mahindi yanafidia. Yaani makande tunayoyalalamikia tangu bweni la sekondari yalishamaliza hesabu hiyo zamani. Madini ya chuma yapo kwenye maharage na mchicha, ila mwili huyafyonza kwa shida kuliko yale ya nyama. Kamulia ndimu au kula chungwa, na chai isubiri kwanza, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Vitamini B12 ndiyo ya kuangalia sana, mimea haina. Mimi naipata kwenye mayai na maziwa. Asiyekula hata hivyo atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa, asifanye mzaha.

Lakini chakula si kazi ngumu. Kazi ni watu. Likizo iliyopita nilikwenda kwa bibi, na kabla sijakaa vizuri nikasikia kuku anakimbizwa uani. Hiyo ndiyo karibu yake. Nikamfuata, nikamweleza. Akasimama na kuku mkononi, akaniuliza taratibu, "Nimekukosea nini, mjukuu wangu?"

Nilinyamaza. Jioni nikala ugali kwa mchuzi wa yule kuku, minofu nikawaachia watoto. Kuna watakaosema nilivunja msimamo. Sawa, nilivunja.

Mwaka huu nimempigia simu mapema, nikamwomba anipikie kisamvu cha karanga. Amekubali. Kuku anasema atamchinja vilevile, majirani watakula.