Tarbia Tatu, Tathnia Moja

Msomaji aliyekulia kwenye mashairi ya Kiswahili akikutana na soneti ya Kiingereza huanza kuhesabu. Mishororo 14, kila mmoja mizani 10. Vina vinapishana: mshororo wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne, vivyo hivyo hadi wa 12, kisha miwili ya mwisho inashirikiana kina kimoja. Kwa istilahi za malenga wetu, hizo ni tarbia tatu za ukaraguni zilizofungwa kwa tathnia moja. Hesabu ni sahihi, ila soneti yenyewe bado haijasikika.

Mshairi wa Kiingereza hapimi idadi ya silabi peke yake. Huzipanga jozi tano, silabi nyepesi ikitangulia nzito. Kiswahili kina tabia yake: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo mshororo wetu karibu siku zote huishia kwenye silabi nyepesi. Chukua huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya: “Ni jua gani hili lenye kiza.” Mkazo unaangukia ju, ga, hi, le na ki, mapigo matano kamili, lakini mizani imefika 11 kwa sababu ya ile -za ya mwisho. Hapana kosa hapo. Shakespeare mwenyewe aliandika soneti yake ya 20 kwa mizani 11, na Waitalia hutumia mizani hiyohiyo.

Soneti ni yao hasa. Ilizaliwa Sicily katika karne ya 13, na Giacomo da Lentini, mwandishi wa hati katika utawala wa Frederick II, ndiye anayehesabiwa kuwa mbunifu wake. Petrarca akaitukuza karne iliyofuata. Thomas Wyatt, balozi wa Mfalme Henry VIII, akaiingiza Uingereza, na hapo shida ikaanza. Petrarca aliitaka mishororo minane ya mwanzo iridhike na vina viwili tu. Kiitalia kinaliweza hilo, kwani maneno yake mengi huishia kwa irabu kama yetu. Kiingereza ni maskini wa vina. Henry Howard, mwungwana wa Surrey aliyekatwa kichwa mwaka 1547, akailegeza kamba: vina saba, kila kimoja kikibeba mishororo miwili. Shakespeare, ambaye soneti zake 154 zilichapishwa London mwaka 1609, ndiye ambaye mtindo huo ulipewa jina lake. Surrey alistahili kutajwa zaidi.

Ulegezaji huo ulibadili hata namna ya kuwaza. Kwa Petrarca hoja hugeuka baada ya mshororo wa nane. Surrey aliacha mishororo miwili peke yake mwishoni, na mshairi anaweza kuchelewesha mgeuko hadi hapo. Katika soneti ya 130, Shakespeare anatumia mishororo 12 kumnyima mpenzi wake kila sifa ambayo washairi wa zama zake waliwarundikia wanawake; tathnia inapofika, inabainika kuwa kwake mpenzi huyo ni adimu sawa na mwanamke yeyote aliyesifiwa kwa ulinganisho wa uongo. Kibwagizo cha shairi letu hurudi ubeti baada ya ubeti na kupata uzito kwa kurudiwa. Tathnia ya soneti husema mara moja tu, na ikirudia yaliyokwisha kusemwa, mishororo 12 imepotea bure.

Mtunzi anayeanza atafute kisa chenye pande mbili. Tarbia ya kwanza: jahazi halijarudi. Ya pili: majirani wamekwisha kuanua matanga. Ya tatu: mke bado anapika. Tathnia: sahani anazopakua ni mbili.

Halafu kuna kina. Kwetu silabi ya mwisho inatosha, hivyo “kiza” na “meza” vinakubaliana. Sikio la Kiingereza hudai sauti ifanane kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho. Anayetaka soneti ya Kiswahili yenye mlio huo aiache “meza”, aijibu “kiza” kwa “angamiza”.